Mama Ndoo na Chupa ya Kumi

Tulimwacha mlangoni, msomaji wangu, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umeshika bahasha ya kaki. Ndani ya chumba cha usaili Mkuu wa Maabara alikuwa ametoka kusoma jina la tatu na la mwisho kwenye orodha ya wanafunzi wanaoomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Na aliyeingia kuitikia jina hilo ni Mama Ndoo, mfanya usafi wao kwa miaka kumi na mmoja.

"Mama, leo meza ni safi," Mkuu alisema bila kuinua macho. "Pita baadaye. Tunamsubiri mwanafunzi."

"Mwanafunzi ni mimi, mzee."

Naibu wake, kijana wa suti ya kijivu aliyeketi kulia, alicheka kwa pua.

"Mama Ndoo, umekunywa chai kweli leo?"

"Nimekunywa, bosi. Na jina mlilolisoma ni langu. Kadi yangu ya chuo hii hapa."

Aliiweka mezani. Mkuu akavaa miwani, akatazama picha, akatazama uso. Ni uso aliousalimia kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua jina lake.

Wewe uliyejiunga nasi wiki hii, kaa karibu nikueleze upesi. Mwanamke huyu ana miaka arobaini na miwili. Kwa miaka mitatu amesoma upimaji wa maji katika darasa la jioni, akikaa dawati moja na watoto wa umri wa kifungua mimba wake. Amefaulu yote. Kilichobaki ni miezi miwili ya mafunzo kazini, na kupata mahali pa kuyafanyia kumemtoa jasho kuliko mitihani.

Alizunguka ofisi kumi na nne. "Acha barua, tutakupigia." Hawakupiga. "Una mtu wako humu ndani?" Hakuwa naye. Katika ofisi moja katibu muhtasi aliipokea bahasha yake kwa tabasamu, akafunikia nayo kikombe cha chai, mwenyewe akiona.

Barua ya kumi na tano chuo kiliituma hapa, kwenye maabara anayoipiga deki. Hakumwambia mtu. Zilifika barua arobaini, wakachaguliwa watatu kwa alama tu.

Na leo ndiyo siku ya mwisho. Mratibu wa chuo amesema wazi: fomu ya kupokelewa, yenye sahihi na muhuri, iwe mezani kwake kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa hahesabiwi. Wengine watarudia mwakani, ila darasa la jioni linafungwa mwaka huu. Kwa Mama Ndoo hakuna mwakani.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu.

"Kwa nini hukuniambia unasoma?" Mkuu aliuliza.

"Ningekuambia, mzee, ungesoma barua au ungeona ndoo?"

Mkuu alisogeza kiti kwa mguu. "Kaa."

"Mzee, tusifanye mchezo," Naibu alisema. "Wageni wakija tutawaambia nini? Kwamba anayepima maji ndiye anayepiga deki?"

"Alama zake zikoje?"

"Suala si alama, mzee. Suala ni—"

"Nimeuliza alama."

Naibu alipekua karatasi taratibu, kama mtu anayetafuta asichotaka kukiona. "Amewapita wale wawili," alisema.

Mkuu akasukuma karatasi moja mbele ya Mama Ndoo. Ilikuwa ukurasa uliotolewa kwenye daftari la kazi, wenye mistari kumi ya tarakimu za mkono.

"Swali ni moja kwa wote. Hivi ni vipimo vya fosfati kwenye visima vyetu tisa. Miezi mitatu sasa vinapanda, na visima havijabadilika. Fundi aliyepima nimemsimamisha kazi, kwa sababu niliona anaandika tarakimu za kubuni. Jana nimefungua mtoto wa meza yake nikakuta ukurasa huu. Niambie kimetokea nini. Dakika kumi za kufikiri, hata nje ukitaka."

Fundi huyo ni kijana wanayemwita Mrefu, baba wa mapacha, aliyeondoka getini mwezi uliopita na boksi la vitu vyake, hajui amekosa nini.

Mama Ndoo alipitisha kidole mstari kwa mstari. Kisima cha kwanza, juu. Cha pili, juu. Mpaka cha tisa. Kidole kikafika mstari wa kumi, kikasimama.

Chupa ya kumi haikuwa na maji ya kisima. Ilikuwa na maji safi ya maabara, yale yasiyo na kitu, yanayowekwa makusudi ili kuhakiki kipimo. Ilipaswa kusoma sifuri. Nayo imesoma juu kama wenzake.

Basi uchafu haukuwa visimani. Ulikuwa ndani ya chupa.

Na chupa, msomaji wangu, zilioshwa na nani?

Kanuni ya maabara inasema chupa za fosfati huoshwa na mafundi wenyewe, kwa asidi na maji safi. Lakini tangu miezi mitatu iliyopita, kila Jumatatu jioni, Naibu alikuwa akileta kreti la chupa kwenye stoo ya mifagio. "Mama, nisaidie hizi kimya kimya. Mkono wako unang'arisha kuliko wa hawa vijana wangu." Vijana wakawahi kwenda nyumbani. Naye Mama Ndoo akaziosha kwa moyo wote, kwa sabuni ya unga ya kudekia, mara tatu tatu mpaka zikawaka.

Mwalimu wa jioni alishawafundisha kwamba sabuni nyingi za unga zina fosfati, ileile iliyomo kwenye mbolea, inayong'ang'ania kwenye kioo hata ukisuuza. Aliandika, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Jumatatu iliyofuata akaosha chupa vilevile. Ya darasani aliyaacha darasani, na ya stoo yakabaki stoo.

Jibu alilijua. Jibu lilikuwa yeye.

"Naomba hizo dakika nje, mzee," alisema.

Kwenye korido alikutana na kijana wa miwani, mmoja wa wale wawili waliomtangulia.

"Shangazi, umepewa ile karatasi? Mimi nimesema ni mbolea kutoka mashambani."

"Umejibu vizuri."

"Wanasema ukiwa na mjomba humu unapita. Mimi ninaye. Shida yake mjomba mwenyewe ni dereva, naye kaomba likizo ili asionekane na mimi."

Siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Leo alimgusa bega tu, akapita, akaingia kwenye stoo ya mifagio na kurudishia mlango. Akampigia binti yake mkubwa.

"Mama, wamekuchukua?"

"Bado. Mwanangu, kama umeulizwa swali na unajua jibu, ila ukilitaja unajichongea mwenyewe, unalitaja?"

"Unaongea nini, mama? Umeiba?"

"Sijaiba. Nimeosha."

"Umeosha nini?"

"Chupa. Vibaya, bila kujua, na kuna mtu amefukuzwa kwa ajili yake."

Binti akasema, "Mama, tangu nipate akili unatuamsha alfajiri tusali. Mimi niseme nini tena?"

Simu ikakatika. Mama Ndoo akapiga magoti kwenye sakafu aliyoipangusa mwenyewe asubuhi. Hakuomba apite usaili. Aliomba ulimi wake usimgeuke akifika kule ndani, maana alijijua alivyo mwoga wa kukosa. Sala yenyewe haikumaliza dakika.

Alipofumbua macho, viatu vyeusi vilikuwa vimesimama mbele yake.

"Omba vizuri, mama," Naibu alisema, akiufunga mlango kwa mgongo. "Nimeona kidole chako kimesimama wapi. Wenzako hawakuuona mstari ule. Wewe umeuona."

"Bosi, ripoti ulizompelekea mzee zilikuwa na mistari mingapi?"

"Tisa. Na tisa inatosha."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilihisi. Kuhisi si kosa." Aliinama, akashusha sauti. "Sikiliza. Ingia useme mbolea. Mimi nitasema huyu mama anafaa, mzee atasaini, na saa sita fomu yako iko chuoni. Ukisema chupa, umejifukuza mwenyewe. Mikono iliyoosha ni yako. Mimi nani aliniona na sabuni?"

"Na Mrefu?"

"Mrefu kijana. Atapata kwingine."

"Ana mapacha wa wiki tatu, bosi."

"Na fomu yako imebakiza saa mbili tu."

Alitoka. Mama Ndoo alinyanyuka kwa kushika ndoo, akafuta magoti, akarudi chumba cha usaili. Njia ile ilikuwa ya hatua ishirini, na katika kila hatua neno "mbolea" lilimjia mdomoni tamu kama asali. Sitakuficha: alipoketi kwenye kiti, bado lilikuwa ulimini.

"Haya," Mkuu alisema. "Kimetokea nini?"

Naibu alimtazama, akimpa tabasamu la mtu mliyekubaliana.

"Visima havina shida, mzee," Mama Ndoo alisema. "Mrefu naye hakubuni kitu. Chupa ya kumi ina maji safi, na bado imesoma juu. Shida iko kwenye chupa. Zinaoshwa kwa sabuni ya kudekia."

"Haiwezekani. Chupa zinaoshwa na mafundi, kwa asidi."

"Zinaoshwa na mimi."

Mkuu alivua miwani.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Nani alikupa chupa?"

Mama Ndoo aliitazama mikono yake, kisha akainua uso.

"Naibu wako, mzee. Kila Jumatatu jioni."

"Mwongo," Naibu alisema, akainuka. "Mzee, unaona? Mtu anatafuta nafasi, anatafuta na wa kumwangushia mzigo. Mwache aende kudeki, tuendelee na wanaume wa kazi."

"Kaa chini," Mkuu alisema kwa upole uliotisha. Kisha kwa Mama Ndoo: "Maneno hayapimi maji. Twende."

Walivuka korido mpaka maabara. Mkuu alitoa chupa mbili zilizofanana. "Moja ioshe kama unavyoosha Jumatatu. Nyingine kama ulivyofundishwa chuoni. Kisha zote uzijaze maji safi, uzipime. Mimi sigusi kitu."

Alivaa koti jeupe la kuazima, mikono imemfika kwenye vidole. Chupa ya kushoto aliiosha kwa sabuni ya stoo, akaisuuza mara tatu. Ya kulia akaiosha kwa asidi na maji safi. Akazijaza, akaongeza dawa ya kupimia, akaweka kila moja alama. Vijana wa maabara waliacha kazi zao wakasogea. Mmoja alianza, "Leo Mama Ndoo ka—" akaona uso wa Mkuu, akameza.

Dawa ile hubadilisha maji kuwa ya buluu yakiwa na fosfati. Inahitaji dakika kumi. Saa nne na dakika ishirini. Saa nne na dakika ishirini na sita. Mama Ndoo hakuondoa macho.

Hakuna kilichotokea.

"Mzee, tunapoteza muda," Naibu alisema nyuma yao. Sauti yake ilikuwa imepona.

Dakika ya nane, chupa ya kushoto ikawa kama moshi. Dakika ya tisa moshi ukawa buluu. Dakika ya kumi buluu ikakolea kama wino. Chupa ya kulia ilibaki angavu, unaweza kusoma gazeti kupitia kwayo.

Mkuu alizitazama muda mrefu. Aliwageukia vijana. "Nani kati yenu ameosha chupa tangu miezi mitatu iliyopita?" Waliangalia viatu vyao, wote kwa pamoja. Alipogeuka kumtafuta Naibu, mlango wa maabara ulikuwa unajifunga wenyewe taratibu.

Ofisini, Mkuu aliandika kwanza barua fupi ya kumrudisha Mrefu kazini, akaisaini. Kisha akamgeukia Mama Ndoo, na uso wake haukuwa na furaha.

"Umefanya kosa, na umelisema wakati kulificha kungekulisha. Mwanafunzi wa namna hiyo namtaka. Lakini kuna ukuta. Kanuni hairuhusu mwajiriwa wa hapa kuwa mwanafunzi wa mafunzo hapa hapa. Nikusaini, lazima uache kazi ya usafi. Leo. Miezi miwili bila mshahara, na baada yake siahidi chochote. Ukikataa, unabaki na ndoo yako, na sitakulaumu."

"Saa ngapi sasa, mzee?"

"Saa tano na dakika tano."

"Nipe karatasi."

Barua ya kuacha kazi ilikuwa mistari mitatu. Aliiandika bila kusita. Alipokwisha kuiweka mezani ndipo akaisoma, kama mtu aliyevuka barabara ndipo akaliona lori.

Mkuu alisaini fomu ya chuo. Akafungua mtoto wa meza kutafuta muhuri. Akafungua wa pili. Akasimama na kuvuta kabati lote. Kijaluba cha wino kilikuwepo. Muhuri haukuwepo.

"Anautunza Naibu," alisema polepole.

Alimpigia. Simu imezimwa. Akapiga ya getini, ikaita mpaka ikachoka. Mama Ndoo alikuwa ameshafika dirishani. Chini, uani, mtu wa suti ya kijivu alikuwa anatembea kuelekea getini, mkoba begani, hana haraka.

Sasa hana kazi. Fomu haina muhuri. Na chuo kiko dakika ishirini na tano kwa miguu ya kukimbia.

Alishuka ngazi mbili mbili, fomu mkononi, viatu vya kuazima kwa binti yake vikimkata visigino. Alimkuta Naibu nje kidogo ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, kama aliyekuwa akimngoja. Na kweli alikuwa akimngoja.

"Pole na mbio, mama." Alitoa muhuri mfukoni, wino wake bado haujakauka, akaupeperusha. "Unautafuta huu?"

"Ni mali ya ofisi, bosi."

"Na utarudi ofisini. Mimi si mwizi." Akafungua mkoba, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka juu ya ukuta mfupi. "Mzee ana maneno yako tu, na hao watoto hawatathubutu kusema. Bodi ya maabara itataka maandishi. Niandikie hapa kwamba chupa ulizichukua mwenyewe na mimi sikukutuma. Mstari mmoja. Nakugongea muhuri hapa hapa, unaruka chuoni, unafika saa sita kasoro. Mrefu ameshapona, umemsaidia. Sasa jisaidie na wewe."

Saa tano na dakika ishirini na tano. Magari yalipita. Mwanamke mmoja aliyebeba kikapu aliwatazama, akaendelea na safari yake.

"Mstari mmoja tu?" Mama Ndoo aliuliza.

"Mmoja."

Alishika kalamu. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti, na Naibu akageuza uso pembeni, maana mtu akisali ni vigumu kumkodolea macho. Aliandika taratibu, kwa mwandiko ule wa darasa la jioni, herufi kubwa za mviringo. Akaweka tarehe. Akasaini. Akaigeuza karatasi ili asome vizuri.

*Chupa nilipewa na Naibu kila Jumatatu, nami niliziosha vibaya.*

Naibu aliisoma. Akaisoma tena, kana kwamba mara ya pili ingekuwa na maneno mengine.

"Umeelewa ulichofanya?"

"Nimeelewa." Aliitandaza fomu ya chuo pembeni ya karatasi ile, akalainisha mikunjo yake kwa kiganja. Kwa miaka yote alimwita bosi. Sasa alimwita kwa umri wake. "Mdogo wangu, karatasi ndizo hizo mbili. Muhuri unao wewe. Mimi nimemaliza ya kwangu."

Saa tano na nusu. Naibu alizitazama karatasi hizo, akautazama muhuri, akautazama uso wa mwanamke yule. Kisha akauinua juu mkono ulioshika muhuri; kama ni wa kuugonga au wa kuutupa, msomaji wangu, tutajua wiki ijayo.